Namna ya Kusoma Mkusanyiko wa Tamthilia za Waandishi Chipukizi

Wengi wetu tulikutana na tamthilia kwa mara ya kwanza darasani, ikiwa kitabu cha mtihani, na mwalimu akatuzoesha kuipasua kwa mpangilio ambao mpaka leo hautubanduki: dhamira, ujumbe, wahusika na sifa zao, mandhari, matumizi ya lugha. Mpangilio huo si mbaya, maana umewavusha wengi mitihani na kuwazoesha kusoma kwa makini, lakini hauna msaada mkubwa kwa mtu aliyeshika mkusanyiko wa tamthilia mpya za waandishi ambao majina yao bado hayajavuma, wanaofanya kazi na vikundi vidogo vya maigizo visivyo na mfadhili wa kudumu. Kitabu cha mtihani kimekwisha kupita katika chujio la wahariri, wakuza mitaala na walimu, na msomaji anakifungua akijua kwamba wakubwa wameona kuwa kina la kufunza. Mkusanyiko mpya haujapita huko. Ndani yake mna tamthilia sita, saba au kumi, kila moja na tabia yake, nyingine zimeiva, nyingine bado mbichi, na msomaji anayewinda ujumbe katika kila moja huchoka kabla ya kufika ya tatu, akakirudisha kitabu rafuni akiamini kwamba waandishi wa siku hizi hawajui kuandika.

Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo msingi wake ni swali moja tu: chumba kilikuwaje? Yaani, mwandishi huyu alipokuwa akiandika, alikuwa na ukumbi wa ukubwa gani, waigizaji wangapi, taa ngapi, na watazamaji walioketi umbali gani kutoka kwa mwigizaji? Tamthilia ya mwandishi chipukizi huandikwa kwa kipimo cha chumba hicho, kama nguo inavyokatwa kwa kipimo cha kitambaa kilichopo. Msomaji asiyekijua chumba huona upungufu pale ambapo mtazamaji aliona werevu.

Kurasa ambazo watu huziruka

Kabla ya kusoma neno la kwanza la mazungumzo, soma ukurasa unaoeleza onyesho la kwanza la tamthilia hiyo, na orodha ya wahusika inayofuata. Ukurasa huo mara nyingi hutaja tarehe, mahali, kikundi kilichoigiza, mwongozaji na majina ya waigizaji. Hesabu waigizaji, kisha hesabu wahusika. Ukikuta wahusika kumi na wawili na waigizaji wanne, umekwisha kujifunza jambo kubwa: kila mwigizaji anabeba nafasi tatu, maleba hayawezi kuwa ya kubadilishwa kwa dakika tano, na pengine kofia, kanga au miwani ndiyo itakayomgeuza askari kuwa mkunga. Zingatia pia nani anaigizwa na nani. Mwandishi anayetaka baba mkali na mchumba mpole waigizwe na mtu mmoja huenda hakulazimishwa na uhaba wa fedha pekee. Huenda anataka mtazamaji auone uso wa baba ndani ya uso wa mchumba, jambo ambalo maandishi matupu hayatamwonyesha msomaji kamwe asipopitia orodha.

Angalia vilevile kama kitabu kinatoa tahadhari kuhusu maandishi yenyewe. Katika kumbi za London zinazoonyesha kazi mpya, Royal Court ikiwa mojawapo, ni kawaida kitabu cha tamthilia kuchapishwa mapema ili kiuzwe usiku wa kwanza wa onyesho, na kwa sababu hiyo huwekwa angalizo kwamba maandishi yalikwenda mitamboni kabla ya mazoezi kumalizika, hivyo yanaweza kutofautiana na kilichoigizwa. Msomaji wa angalizo hilo anajua kuwa mbele yake pana rasimu iliyokaribia mwisho. Tamthilia iliyochapishwa baada ya kuonyeshwa mara nyingi ni kitu tofauti, kwa kuwa waigizaji wamekwisha kuilainisha kwa vinywa vyao, sentensi zilizowashinda zimeondolewa, na vicheko vya watazamaji vimempa mwandishi nafasi ya kujua ni wapi pa kukata.

Utangulizi wa mhariri uache kwanza. Najua ushauri huu unapingana na adabu ya kusoma tuliyofundishwa, lakini mhariri wa mkusanyiko ana kazi ya kuzifunga tamthilia nyingi zisizofanana kwa kamba moja, na kamba hiyo, iwe ni wanawake, vita, mji au kizazi kipya, humfanya msomaji aione kila tamthilia kama mfano wa mada. Mkusanyiko wa tamthilia saba uliohaririwa na Yvette Hutchison na Amy Jephta na kuchapishwa mwaka 2019 kwa jina la Contemporary Plays by African Women unawaweka pamoja waandishi wa kutoka Uganda, Kenya, Nigeria, Kameruni, Zimbabwe, Misri na Afrika Kusini. Kamba yao ni ya kweli. Lakini anayeisoma Silent Voices ya Adong Judith, ambayo inawasikiliza waathirika wa vita vya kaskazini mwa Uganda na hasira yao dhidi ya msamaha walioombwa kuutoa, atafaidika zaidi akianza na ukweli kwamba iliwahi kusimama mbele ya hadhira ya Kampala, katika ukumbi wa taifa, mwaka 2012, ambako baadhi ya watazamaji walikuwa wakiyajua yanayosemwa jukwaani kwa kuyaishi. Hicho ni chumba, nacho kina joto lake.

Kwa nini meza moja na viti viwili

Msomaji mgeni wa tamthilia hizi hulalamika kwamba hakuna kinachotokea: watu wawili, chumba kimoja, usiku mmoja. Ili kuelewa tabia hiyo ilitoka wapi, ni vyema kuitazama New York ya miaka ya 1950 na 1960, ambako sanaa ya jukwaani inayojitegemea ilipata umbo ambalo wengi wameliiga tangu wakati huo. Mwaka 1958 Joe Cino alifungua mkahawa wa Caffe Cino katika mtaa wa Greenwich Village, na baada ya muda tamthilia zikaanza kuigizwa katikati ya meza za wanywa kahawa, juu ya kijukwaa cha takriban futi nane kwa nane. Mwaka 1961 Ellen Stewart alianzisha La MaMa katika chumba cha chini ya ardhi, na mwaka 1964 Theatre Genesis ikaanza ndani ya kanisa la St. Mark's, ambako kijana aliyeitwa Sam Shepard aliona tamthilia zake za kwanza zikipandishwa jukwaani. Hapakuwa na pazia, hapakuwa na mitambo ya kubadili mandhari, na mara nyingi hapakuwa na malipo.

Tazama jinsi mwandishi Lanford Wilson alivyokitumia kijukwaa kile cha Caffe Cino. Katika The Madness of Lady Bright ya mwaka 1964 kuna mtu mmoja anayezeeka, peke yake chumbani siku ya joto kali, akiwapigia simu watu wasiopokea. Wapo waigizaji wengine wawili, mvulana na msichana, ambao wanakuwa kila sauti anayoikumbuka. Ndiyo hayo. Mwandishi asingeweza kuleta jukwaani umati wa marafiki na wapenzi wa miaka thelathini, kwa hiyo akawageuza wote kuwa watu wawili wanaobadilika, na upweke wa mhusika ukaongezeka kwa sababu hata kumbukumbu zake zina nyuso mbili tu. Tamthilia hiyo iliigizwa zaidi ya mara mia mbili mkahawani hapo. Shepard alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1979, Wilson akaipata mwaka uliofuata, na leo hakuna anayewaita chipukizi, lakini anayezisoma kazi zao za mwanzo bado anapaswa kuzisoma kama kazi za watu wasio na kitu isipokuwa chumba.

Utamaduni huo ulipata baadaye mtu wa kuuweka vitabuni. Kuanzia mwaka 2000 Martin Denton alihariri mfululizo wa mikusanyiko ya kila mwaka ya tamthilia mpya zilizokuwa zimeonyeshwa katika kumbi ndogo za New York, zile zenye viti visivyofika mia moja, na mfululizo huo ukaendelea kwa takriban muongo mzima. Thamani yake kwa msomaji ni kwamba anaweza kuiona mitindo ikipita mwaka hadi mwaka, kwani tamthilia ambayo hakuna mchapishaji mkubwa angeigusa imehifadhiwa jinsi ilivyokuwa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mifano ya kwetu, na haifai kuisahau kwa kuvutiwa na ya mbali. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, hakuwa amefika umri wa miaka thelathini pale tamthilia zake mbili, Wakati Ukuta na Alikiona, zilipotoka katika kitabu kimoja mwaka 1970. Ukiisoma Alikiona kwa kutafuta falsafa utaiona nyepesi, kwa sababu inaegemea kichekesho, ule mchezo mfupi wa kuchekesha uliokuwa ukiigizwa katikati ya nyimbo za taarab katika miji ya pwani. Chumba chake ni cha watu waliovaa vizuri, waliokwisha kusikiliza nyimbo, wanaongoja nyimbo nyingine, na wanaotaka kucheka kwa sauti kubwa juu ya fedheha ya ndoa ya mtu mwingine. Isome ukiwa na hadhira hiyo kichwani na utaona kwamba kila kuingia na kutoka kwa mhusika kumepimwa kwa ajili ya kicheko.

Kuna pia tamthilia ambazo jalada lake halitaji mwandishi mmoja. Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982 ina waandishi watatu, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na Ayubu ya mwaka 1984 imebeba jina la kikundi kizima cha Paukwa. Ukikutana na kazi ya namna hiyo katika mkusanyiko, usihangaike kutafuta sauti ya mtu mmoja ndani yake. Maandishi yaliyotungwa kwa pamoja hubaki na alama za mazoezi: nyimbo zinazopewa mstari mmoja tu kitabuni ingawa jukwaani zilichukua dakika nyingi, ngoma iliyotajwa kwa neno moja, mahali ambapo waigizaji wameachiwa wabuni maneno yao wenyewe. Pale kitabu kinaposema tu kwamba watu wanaimba na kucheza, weka kitabu chini na uimbe wimbo wowote unaoujua mpaka mwisho, ili walau upate hisia ya muda unaopita kabla mazungumzo hayajarejea.

Vizibo vya soda

Sasa inakuja hatua ambayo watu huicheka, kisha wakiijaribu hawaiachi. Chukua karatasi, chora mstatili uwe jukwaa, weka alama mahali pa mlango, dirisha, kitanda au meza kama maelekezo ya jukwaani yanavyoeleza, kisha kusanya vizibo vya soda na juu ya kila kimoja andika herufi ya kwanza ya jina la mhusika. Wasiokuwa jukwaani wapange nje ya mstatili. Kila mtu anapoingia, kizibo chake kiingie, anapotoka, kitoke. Soma polepole huku ukivisogeza.

Utakachogundua kwanza ni wale wasiosema. Mtu anayesoma hadithi huona tu wanaotajwa, na akili yetu iliyozoea hadithi humfuta mhusika aliyekaa kimya kwa kurasa nne. Jukwaani hafutiki. Amekaa pale, watazamaji wanamwona, na anasikia kila neno. Niliwahi kusoma mara mbili tamthilia fupi ya familia inayogombania nyumba ya marehemu bila kuona sababu ya bibi mmoja kuzungumza kwa ukali ule mwishoni, hata nilipovipanga vizibo nikaona kwamba bibi huyo alikuwa ameingia katika ukurasa wa pili, akaketi karibu na dirisha, na hakutoka kamwe. Alisikia siri zote za wanawe nikiwa nimemsahau. Mwandishi hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyemtoa bibi wa watu jukwaani bila ruhusa.

Jambo la pili ni msongamano. Kama vizibo sita vimejaa ndani ya mstatili mdogo na tamthilia iliandikwa kwa ajili ya kijukwaa cha mkahawani, ujue kwamba miili inagusana, kwamba ugomvi unafanyika watu wakiwa wamebanana, na kwamba hakuna anayeweza kumpa mwenzake kisogo bila watazamaji kuliona tendo hilo. Kinyume chake, kizibo kimoja katikati ya karatasi tupu kwa kurasa tano ni uzungumzi nafsia mrefu, na hapo jiulize mhusika anazungumza na nani: na nafsi yake, na Mungu, na mtu aliyekufa, au nasi tulioketi mbele yake. Waandishi wapya hupenda sana umbo hili, kwa sababu mwigizaji mmoja ni nauli moja, na baadhi yao hulitumia bila kujibu swali hilo. Unaruhusiwa kuwadai jibu.

Maelekezo ya jukwaani yasomwe kwa uzito uleule wa mazungumzo. Yapo ya aina mbili: yale yanayotekelezeka, kama vile kwamba mama anazima taa ya chemli, na yale ambayo hakuna fundi awezaye kuyatekeleza, kama vile kwamba bahari inaingia chumbani na kuondoka na kitanda. Aina ya pili si kosa wala majivuno. Mwandishi anampa mwongozaji fumbo la kufumbua, akijua kwamba hana fedha za kuleta maji, na kwamba shuka la buluu mikononi mwa waigizaji wawili laweza kuwa bahari. Unapofika mahali kama hapo, funga kitabu kidogo ufikirie ungefanyaje kwa vitu vilivyomo nyumbani mwako.

Alama ndogo zenye kazi kubwa

Waandishi wa kizazi cha karibuni huandika kimya na mwingiliano wa sauti kwa alama, na kila mmoja ana desturi yake, ambayo aghalabu huelezwa katika maelezo mafupi mwanzoni mwa kitabu, kabla ya mazungumzo kuanza. Asiyeyasoma maelezo hayo atadhani kitabu kina makosa ya uchapaji. Alama iliyoenea zaidi ni mkwaju (/), ambao mwandishi Mwingereza Caryl Churchill aliutumia kuonyesha pale ambapo mtu wa pili anaanza kusema kabla wa kwanza hajamaliza. Nitatoa mfano wa kubuni:

MAMA: Nimekwambia mgeni wako asilale humu / ndani, watu wataanza kusema.

BINTI: Mama, watu walianza zamani.

Binti haanzi baada ya neno la mwisho la mama yake. Anaanza palipo na mkwaju, na sentensi mbili zinakwenda sambamba, kiasi kwamba maneno ya mama kuhusu watu yanafunikwa na jibu lake. Ukisoma kimya, mstari baada ya mstari, utaona binti mwenye adabu anayesubiri zamu yake. Ukisoma kwa sauti na mtu mwingine, utamsikia binti ambaye amekwisha kulisikia onyo hilo mara nyingi mno.

Kimya nacho kina daraja zake. Harold Pinter, mwandishi mwingine Mwingereza, aliwazoesha wasomaji kutofautisha nukta za dukuduku, ambapo mtu anasita akitafuta neno, na kutua, ambapo jambo linapita kichwani bila kusemwa, na kimya kamili, ambacho baada yake watu hawawezi kurudi pale walipokuwa. Suzan-Lori Parks, mwandishi Mmarekani ambaye naye alianzia katika kumbi ndogo za New York, alikwenda mbali zaidi: huandika majina ya wahusika yakifuatana bila neno lolote mbele yake.

MAMA

BINTI

MAMA

BINTI: Basi nitamwambia aondoke.

Hapa hakuna kilichosahaulika. Mama anatazama, binti anatazama, mama anaendelea kutazama, na ni katika mitazamo hiyo mitatu ndipo binti anaposhindwa. Msomaji anayeruka majina matupu ameruka ugomvi wenyewe. Hesabu pumzi moja kwa kila jina, uso wako ukielekea ukurasani kana kwamba ndio uso wa mwenzako, na utafika kwenye sentensi ya binti ukiwa na uzito unaostahili.

Muda na sauti

Kwa kukadiria, ukurasa mmoja wa tamthilia iliyochapwa kwa mpangilio wa kawaida wa miswada huchukua kama dakika moja jukwaani. Vitabu hubana maandishi, hivyo kipimo kitabadilika, lakini saa iwe karibu nawe. Tamthilia ya dakika kumi, umbo ambalo ukumbi wa Actors Theatre wa Louisville, Kentucky, ulilieneza sana kwa mashindano na matamasha yake, haina nafasi ya kutambulisha wahusika taratibu. Sentensi ya tatu inapaswa kuwa imekwisha kumtia mtu mashakani. Usiisome kama hadithi fupi, wala usisome tano mfululizo, kwa maana kila moja hufika kileleni haraka na ladha zake huchanganyika. Parks aliamua tarehe 13 Novemba 2002 kuandika tamthilia moja kila siku kwa mwaka mzima, na zote zikakusanywa katika kitabu kimoja. Nyingine hazijazi hata ukurasa. Kitabu cha namna hiyo kisomwe kama kilivyoandikwa, moja kwa siku, asubuhi kabla ya kazi.

Kuhusu lugha nitasema machache. Mikusanyiko mingi ya Afrika Mashariki inayouzwa nje ya nchi iko kwa Kiingereza, hata pale wahusika wake ni watu ambao nyumbani wasingesema Kiingereza. Chagua hotuba moja muhimu na uiseme kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama ya mhusika kama unaijua. Ikisimama vizuri, mwandishi aliisikia katika lugha hiyo kabla ya kuiandika. Ikikataa kabisa kusemeka, huenda mhusika ni sauti ya mwandishi aliyevalishwa kanzu. Ebrahim Hussein aliifanyia tamthilia yake Kinjeketile safari ya kinyume, akaiandika kwanza kwa Kiswahili mwaka 1969 kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na mwenye matoleo yote mawili mkononi ana shule ya bure ya namna mstari wa jukwaani unavyobadilika ukivuka lugha.

Jinsi ya kuhukumu kazi changa

Kazi ya mwandishi chipukizi isipimwe kwa kukosa kasoro. Kasoro utazikuta, na zile za kawaida zinajulikana: mwisho unaokuja ghafla kwa bunduki au kwa barua, mhusika anayemweleza ndugu yake mambo ambayo ndugu huyo anayajua tangu utotoni ili sisi tuyasikie, hotuba ya ukurasa mzima ambayo ni makala ya gazeti iliyopewa mdomo. Zipigie mstari kwa penseli na uendelee. La maana zaidi ni kutafuta pale ambapo mwandishi amefanya jambo ambalo hukuwahi kuliona, hata kama ni la sekunde kumi: namna watu wawili wanavyokunja shuka huku wakigombana, mzaha unaorudiwa mara tatu na kugeuka kilio. Mkusanyiko wa tamthilia nane ukikupa nyakati tano za namna hiyo, fedha yako haikupotea. Mimi hujali zaidi nyakati hizo kuliko ukamilifu wa msuko, ingawa nakiri kwamba kuna wasomaji wazuri wanaotanguliza msuko na wana hoja zao.

Jihadhari pia na kosa la kuisifu tamthilia kwa sababu tu mada yake ni nzito. Vita, ukeketaji na ufisadi ni mambo yanayodai heshima, na heshima hiyo hutufanya tusamehe mazungumzo yaliyolala. Jiulize: kama majina ya nchi na ya vita yangefutwa, je, watu hawa wangeendelea kuwa watu?

Kusoma pamoja

Hatimaye, hakuna usomaji wa tamthilia unaoshinda ule wa watu walioketi kwenye duara, kila mmoja na nafasi yake. Si lazima wawe waigizaji. Gawa nafasi bila kujali umri wala jinsia, mpe mwenye sauti ya upole nafasi ya katili uone kitakachotokea, na kazi ya kusoma maelekezo ya jukwaani usimpe aliyebaki bali msomaji bora kuliko wote, kwa kuwa ndiye taa, ndiye mlango, ndiye mvua inayonyesha nje. Someni mara ya kwanza bila kusimama hata mkikosea. Mara ya pili simamisheni pale ambapo mtu anasema kwamba mstari umemkataa mdomoni, mjadiliane kama tatizo ni la mdomo au la mstari.

Kusoma sebuleni na marafiki hakuna shida, lakini mkialika watu kutazama, na hasa mkitoza kiingilio, mnahitaji kibali cha mwenye haki, ambacho anwani ya kukiombea huandikwa katika kurasa za mwanzo za kitabu, zilezile ambazo watu huziruka. Kwa mwandishi anayejitegemea barua hiyo ya kuomba kibali si usumbufu. Mara nyingi ada yake ni ndogo, na yeye hufurahi kujua kwamba tamthilia yake imepata chumba kingine. Anayeishi karibu na Kampala anaweza pia kufuatilia tamasha la kimataifa la maigizo ambalo limekuwa likifanyika huko tangu mwaka 2014, apate kuziona jukwaani kazi mpya za waandishi wa ukanda wetu.

Mkimaliza duara, ndipo msome utangulizi wa mhariri, na muone kama tamthilia aliyoisifu zaidi ndiyo iliyowachangamsha. Kisha katika ukurasa wa orodha ya wahusika andikeni kwa penseli tarehe, idadi ya wasomaji mliokuwa nao, nafasi ambazo mtu mmoja alizibeba mbili, na dakika mlizotumia, ili atakayekiazima kitabu baadaye ajue aandae viti vingapi.